Pozi na Uzito: Lugha ya Mwili ya Mhusika wa Katuni

Pozi, katika uhuishaji wa katuni, ni mkao mmoja wa mwili unaobeba fikra moja. Sinema hupita kwa fremu 24 kila sekunde. Mchoraji wa mkono kwa kawaida huchora michoro 12 kwa sekunde hiyo, kila mmoja ukipigwa picha mara mbili. Katika wingi huo wote, ni michoro michache tu inayobaki machoni mwa mtazamaji: mtoto aliyejikunyata mlangoni, mzee aliyeshika kiuno akitazama mbingu isiyo na wingu. Hayo ndiyo mapozi makuu. Michoro mingine ni njia ya kutoka pozi moja kwenda jingine, na njia iwe laini namna gani haiokoi safari ambayo vituo vyake ni vibovu. Ndiyo maana mhuishaji anayeona kazi yake imekauka kama mti hurudi kwanza kwenye mapozi, kabla hajagusa kasi, mwanga wala nywele.

Kiswahili kina akiba kubwa ya mapozi yaliyokwisha kupewa majina. Mwenye huzuni ameshika tama. Aliyekemewa mbele za watu amenywea. Mwenye kiburi huenda kifua mbele, na aliyelazimishwa hukubali shingo upande. Asubiriye neema huambiwa akae mkao wa kula. Wasemaji wa lugha hii walikwisha kuona kwamba hali ya moyo ina umbo, na umbo hilo huanzia shingoni, mabegani na kiunoni kabla ya kufika usoni. Mhuishaji anayezungumza Kiswahili anaweza kuokota misemo kumi ya namna hii na kuichora yote bila kuchora uso hata mmoja. Ni zoezi zuri kuliko mengi yaliyomo katika vitabu.

Jaribio la kwanza la pozi ni kivuli. Mhusika hupakwa weusi mtupu, macho na nguo vikafutika, likabaki umbo la nje peke yake. Kama bado inaonekana kwamba anakunywa, anaomba au anaficha kitu, pozi limesimama. Kama kikombe kimemezwa na kifua na mkono umezama ndani ya kiwiliwili, mtazamaji atatumia muda wake kutafuta kinachotendeka, na muda huo katika filamu haurudi. Studio ya Walt Disney ilijifunza jambo hili kwa shida, kwa sababu Mickey Mouse wa miaka ya mwanzo alikuwa mweusi mwili na mikono: kitu chochote alichofanya mbele ya kifua chake kilipotea. Wachoraji wakalazimika kusogeza tendo pembeni, likaonekana dhidi ya nafasi tupu. Rangi zilipokuja, desturi ikabaki, na hadi leo anayefanya kazi kwa kompyuta huzima taa zote za mandhari ili amtazame mhusika wake kama kivuli ukutani.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya mbao za viwandani, wanyama wake walisimama ubavu, kila mmoja peke yake juu ya mandhari tambarare. Twiga wake hakosewi kuwa twiga hata kwa anayepita mbio. Mfululizo wa watoto wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuanza kurushwa mwaka 2010, uliirithi faida hiyo ya umbo la nje. Hata hivyo umbo linalotambulika ni nusu tu ya kazi. Kivuli kinaweza kumtambulisha twiga vizuri na bado kisiseme twiga huyo anataka nini.

Kinachosema hilo kwanza ni mstari wa tendo, mkunjo mmoja unaopita mwilini kutoka kichwani hadi kwenye kisigino kinachosukuma ardhi. Preston Blair, aliyechora kwa Disney na kisha kwa MGM, aliufundisha katika kitabu chake cha mazoezi cha miaka ya 1940, na walimu waliofuata hawajauacha. Mvuvi anayevuta juya ufukweni ni upinde mmoja: visigino vimezama mchangani, makalio nyuma, mikono imenyooka, shingo ikifuata mgongo. Mchoraji asiye na uzoefu humchora mvuvi huyo akiwa wima kama nguzo, kisha humwongezea mikono inayovuta. Mikono inavuta, mwili hauna habari. Anayetaka nguvu zaidi huupindua mkunjo kati ya pozi moja na linalofuata. Mrusha jiwe hupinda nyuma kwanza, na anapoliachia mwili wote umepinda mbele. Mtazamaji husoma nguvu zaidi katika kugeuka huko kwa mkunjo kuliko anavyoisoma katika kasi ya mkono.

Mapozi mengi hufa katika suala la uzito, na hapa panahitaji kukaa kidogo.

Wachongaji wa Ugiriki ya karne ya 5 kabla ya Kristo ndio waliolitatua jambo hili kwa namna ambayo sanaa ya Ulaya imeendelea kuitegemea. Polykleitos alimchonga mbeba mkuki ambaye leo anajulikana kwa nakala za marumaru za Kirumi, maana sanamu yake ya shaba ilipotea. Mtu huyo amesimama juu ya mguu mmoja. Nyonga ya upande wa mguu huo imepanda, bega la upande huohuo limeshuka, na uti wa mgongo umejipinda kidogo kuyapatanisha mawili hayo. Hatendi lolote, lakini mtu akimtazama huona kwamba anaweza kuondoka wakati wowote. Anayemlinganisha na askari aliyeamriwa mguu sawa anaona tofauti: askari amegawa uzito sawasawa kwa miguu miwili, na ujumbe wa mwili wake ni kwamba hana hiari. Amri ya mguu pande inapotolewa, nafasi ya miguu hubadilika na kiumbe hurudi kidogo kuwa mtu.

Mfano ulio bora kupita sanamu yoyote ni mwanamke anayejitwisha ndoo ya maji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 za maji peke yake. Kabla ya kuigusa, hukunja kitambaa kuwa kata na kukiweka utosini. Huchuchumaa, mgongo ukiwa umenyooka, mikono pande mbili za ndoo. Inapoinuka, magoti ndiyo yanayofanya kazi. Mabega hupanda karibu kugusa masikio kwa kitambo kifupi tu, wakati ndoo inapita mbele ya uso. Inapotua kichwani shingo hunyooka, kidevu huingia ndani, na macho hutulia mbele kwa sababu kichwa sasa hakina ruhusa ya kuinama. Anapoanza kutembea, nyonga huyumba kulia na kushoto huku maji hayamwagiki: mwendo wote wa hatua umemezwa chini ya kiuno na kichwa kimepita kwenye mstari mnyofu. Akirudi na ndoo tupu, mwili mwingine kabisa unatembea. Mikono inapunga, kichwa kinageuka kuitikia salamu, mgongo umelegea.

Mhuishaji anayekosea hapa hukosea kwa njia zilezile. Kiuno chake hubaki katika kimo kimoja kana kwamba mhusika anavutwa juu ya reli. Ndoo huanza kwenda wakati uleule mkono unapoigusa, ilhali kitu kizito huchelewa kuondoka: mwili hujiweka tayari kwanza, hukaza, kisha kitu huanza polepole. Magoti hayapokei mzigo unapotua. Na kosa kubwa kuliko yote, kitovu cha uzito hakiko juu ya nyayo. Anayesimama kwa mguu mmoja huku uzito umeangukia nje ya mguu huo ni mtu anayeanguka. Mtazamaji hajui somo la fizikia lakini mwili wake mwenyewe unajua, na humwambia kwamba kitu hiki ni bandia. Marekebisho huanzia kiunoni kila mara. Kiuno kikishakaa mahali pake, kifua hufuata, kisha kichwa, na mikono huja mwisho. Wengi huanza na mikono kwa sababu mikono ndiyo inayoonekana kuwa na shughuli.

Kosa jingine lina jina la kale miongoni mwa wachoraji wa Disney: upacha. Ni pale mkono wa kushoto unapofanya kilekile kinachofanywa na wa kulia, katika kimo kilekile, na miguu vivyo hivyo. Kompyuta imelizidisha kosa hili, maana kiunzi cha mifupa cha mhusika hutengenezwa akiwa amesimama wima, mikono imetandazwa kama msalaba, na programu humruhusu fundi kunakili upande mmoja kwenda wa pili kwa kubonyeza mara moja. Mhuishaji John Lasseter, katika makala aliyoitoa mwaka 1987 kuhusu kuzitumia kanuni za katuni za mkono kwenye kompyuta, aliutaja upacha kuwa adui wa mvuto. Dawa yake ni ndogo: bega moja lishuke, mguu mmoja utangulie, kichwa kiiname digrii chache. Lakini upacha haufai kufukuzwa kila mahali. Imamu anayeomba dua ameinua viganja viwili sawasawa, mtu aliyepokea habari za msiba huweka mikono yote kichwani, na mwanajeshi aliyeamriwa mguu sawa hubana mikono yote ubavuni, mwili umenyooka kama rula. Ulinganifu ni lugha ya ibada, ya mshtuko na ya utii. Unaharibu pozi pale tu unapotokea bila kukusudiwa.

Mikono na macho vinahitaji maneno machache zaidi. Vidole vitano vilivyotawanyika sawasawa huonekana kama uma. Vidole viwili vya kati vikikaribiana, kiganja huwa cha mtu. Macho hutangulia, kichwa hufuata, mabega huja baada yake, na kope hupepesa wakati kichwa kinageuka. Uso huachwa mwisho kwa makusudi, kwa sababu anayeanza na tabasamu huwa amejipa kisingizio cha kutoulazimisha mwili useme.

Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney waliotoa mwaka 1981 kitabu kikubwa juu ya ufundi wa studio hiyo, walieleza zoezi walilopewa wageni wa kazi: kuchora gunia la unga lililojaa nusu. Gunia halina uso, halina mikono, lina pembe nne tu na uzito unaoteremka chini. Mwanafunzi alitakiwa kulichora likiwa na furaha, likiwa limechoka, likiwa na hasira, na unga uendelee kuwa unga. Aliyeweza alikuwa ameelewa kwamba hisia hukaa katika namna uzito unavyobebwa. Gunia lenye furaha limejirefusha na uzito wake umepanda juu. Lenye huzuni limejikalia na matumbo yake yamesambaa sakafuni. Mwaka 1932 Disney alikuwa amemwajiri Don Graham, mwalimu wa chuo cha sanaa cha Chouinard mjini Los Angeles, awafundishe wachoraji wake kuchora miili hai. Katuni ya wakati huo ilikuwa na vichekesho vingi vya mikono inayorefuka kama mpira. Ilihitaji miili inayofikiri.

Matunda yalionekana haraka. Mwaka 1933 ilitoka filamu fupi ya nguruwe watatu na mbwa mwitu, na Fred Moore ndiye aliyewapa nguruwe hao sehemu kubwa ya uhai wao. Watatu hao wanafanana kwa umbo. Wawili ni wapiga muziki, mmoja ni fundi wa matofali, na mtazamaji humjua fundi hata akigeuza mgongo, kwa sababu hatua zake ni nzito na mwili wake hauna muda wa kupoteza. Chuck Jones, aliyekuja kuwa mwongozaji mashuhuri wa katuni za Warner Bros., aliihesabu filamu hiyo kuwa mwanzo wa wahusika wanaofanana sura na kutofautiana kwa jinsi wanavyojongea. Miaka minne baadaye Disney alitoa filamu ndefu ya Snow White yenye vibete saba, na mmojawapo, Dopey, hasemi neno hata moja. Kanzu yake ndefu inayomfunika mikono na mwendo wake wa kuchelewa vinatosha.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja kupitia taa mbili za mezani. Luxo Jr., filamu ya dakika 2 hivi iliyotengenezwa na studio ya Pixar chini ya Lasseter, ilionyeshwa Agosti 1986 mjini Dallas mbele ya wataalamu wa michoro ya kompyuta. Taa ndogo inacheza na mpira, inaurukia, mpira unapasuka na kunywea. Taa ndogo nayo inainamisha kichwa na kujikokota kuondoka. Hakuna jicho wala mdomo. Kuna shina, viungio, springi na kofia ya bati. Baada ya onyesho Jim Blinn, mmoja wa magwiji wa fani hiyo, alimwendea Lasseter na swali. Lasseter alidhani ataulizwa jinsi vivuli vilivyokokotolewa. Akaulizwa kama ile taa kubwa ni mama au baba. Swali hilo lina uzito kuliko tuzo nyingi, maana mtaalamu wa hesabu za mwanga alikuwa amesahau hesabu na kuona familia.

Mtu akiichambua taa ndogo ile hukuta mambo yaleyale yaliyokwisha kutajwa, yakifanya kazi pamoja. Uwiano wake ni wa mtoto: kofia ni kubwa ikilinganishwa na shina, kama kichwa cha mtoto mchanga. Kabla ya kila mruko hujikusanya chini, na kukusanyika huko ndiko kunakomwambia mtazamaji kwamba taa imeamua kuruka. Ikiwa na furaha huruka haraka na juu; ikiwa na huzuni, hatua huwa fupi na kila moja huonekana kugharimu. Tofauti ya hisia mbili iko katika urefu wa mruko, katika pembe ya shingo na katika muda wa kungoja kati ya hatua na hatua.

Muda huo wa kungoja ni sehemu ya pozi. Pozi lisilokaa hata robo sekunde, fremu 6, hupita bila kusomwa, na wanaoanza kazi hii huogopa utulivu kana kwamba ni kosa. Hujaza kila sekunde kwa mikono inayopunga na vichwa vinavyotikisika. Katika katuni ya mkono mchoro mmoja unaweza kusimama kimya na mtazamaji akavumilia. Katika kompyuta mwili uliosimama kabisa hugeuka sanamu papo hapo. Mafundi kwa hiyo huuacha mwili uendelee kusogea kidogo mno ndani ya pozi lilelile: kifua kinapumua, kichwa kinazama unywele mmoja zaidi, uzito unahama taratibu kutoka kisigino kwenda vidoleni. Kati ya pozi na pozi, viungo havianzi safari pamoja wala havifiki pamoja. Kiuno huondoka, kifua hufuata, mkono huburutwa, kiganja hufika mwisho. Programu isiyoelekezwa huvipeleka vyote kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kila mhusika huonekana kama roboti.

Suala la utamaduni halina budi kutazamwa kwa makini, hasa katika nchi ambazo uhuishaji unakua haraka, kama Tanzania na Kenya. Ishara nyingi zinazouzwa katika maktaba za miondoko zimerekodiwa kwa waigizaji wa Marekani na Ulaya: mabega yanayopandishwa kuonyesha kutojua, kidole cha shahada kinachoita, mtoto anayemkazia macho mtu mzima. Mtoto wa Lamu anayebusu mkono wa mzee, binti wa Kisukuma anayepiga goti kusalimu, mnunuzi anayeelekeza duka kwa kuchongoa midomo, mama anayemwita mwanawe kwa kiganja kilichoelekea chini, kijana anayepokea kitu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko: hao hawamo. Mhusika wa Kiswahili akitikisa mabega ya California huku anasema shikamoo, mdomo na mwili vinaishi katika nchi mbili. Watoto hulihisi hilo mapema kuliko watu wazima. Vipindi vya watoto vya shirika la Ubongo, vilivyoanza kutengenezwa Dar es Salaam katika miaka ya 2010, vimeonyesha kwamba wapo watazamaji wengi wa wahusika wa nyumbani. Kinachobaki ni wahusika hao kusimama, kukaa na kunyamaza kama watu wa nyumbani. Anayekwenda kumtunza mwimbaji wa taarabu, noti imeinuliwa juu na kiuno kikisema kwa niaba yake anayelengwa ni nani, anafundisha mengi ambayo hayamo katika maktaba yoyote ya kununua.

Lugha ya mwili ina nguvu zaidi inapopingana na maneno. Mwenyeji anasema karibu huku nyayo zake zimeelekea ndani. Kijana anasema hana wasiwasi huku kidole kinazungusha kifungo cha shati. Tendo dogo la namna hiyo hutajirisha pozi mradi lisilizidi nguvu. Likizidi, mtazamaji atatazama kifungo na kusahau kijana. Hali kadhalika kutia chumvi. Pozi hutiwa chumvi katika mwelekeo wa fikra yake: aliyenywea anywee zaidi, anayeringa aringe zaidi. Kuongeza kila kitu kwa kiwango kimoja hutoa kelele.

Kazi ya kusahihisha huanza kwenye karatasi, hata kwa anayetumia Blender, programu ambayo imekuwa huru kwa kila mtu tangu 2002. Sentensi moja huandikwa kwanza, yenye kitenzi: anaficha, anasihi, anabembeleza, anasusa. Walt Stanchfield, aliyewafundisha kuchora wachoraji wa Disney kwa miaka mingi, aliwasisitizia kuchora vitenzi kuliko nomino, yaani kuegemea na kukumbatia kuliko mkono na bega. Kisha vichoro kadhaa vya ukubwa wa stempu huchorwa kwa haraka, na cha kwanza mara nyingi hutupwa kwa sababu ndicho ambacho kila mtu angekichora. Mhuishaji mwenyewe huigiza tendo mbele ya simu, mara tatu au nne, maana mara ya kwanza mtu huigiza katuni na mara ya nne huigiza mtu. Picha hiyo haifuatishwi mstari kwa mstari. Kinachotafutwa ndani yake ni mahali uzito ulipohama na kiungo kilichotangulia.

Pozi likishawekwa kwenye kompyuta hugeuzwa kama linavyoonekana kwenye kioo, kushoto kukawa kulia, na hapo kuinama kulikozoeleka machoni hujitokeza wazi. Linageuzwa kuwa kivuli, kisha uso unafichwa. Hatimaye sauti huzimwa, na mtu asiyeijua hadithi huonyeshwa mapozi makuu peke yake, bila michoro ya kati, akaulizwa mhusika anataka nini. Akijibu tofauti na ilivyokusudiwa, mhuishaji hurudi kiunoni na kuanza upya.